Raba za matope: zipi ununue, zipi uziache dukani

Masika yakishashika, njia za msitu wa Pugu, pembeni mwa Dar es Salaam, si za kuendea na raba yoyote uliyo nayo. Vilima vile vina kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na ukilowa unateleza kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Mara yangu ya kwanza nilienda na raba za lami, zile zile ninazokimbia nazo asubuhi Daraja la Tanzanite. Mteremko wa kwanza nilikaa chini bila kukaribishwa. Kwenye dimbwi la pili mguu ulitoka, raba ikabaki. Nikazamisha mkono hadi kiwiko kuitafuta, na mama mmoja mtu mzima akanipita anacheka: "Pole mwanangu, ungefunga kamba."

Kamba nilikuwa nimefunga. Tatizo lilikuwa raba yenyewe, na tangu siku hiyo kiatu nakigeuza chali kwanza ndipo nakitazama sura. Naangalia meno ya soli: yawe na urefu wa milimita 5 au zaidi, na yaachane, tope lidondoke lenyewe badala ya kujazana katikati. Halafu naangalia kitambaa cha juu, kiwe na vitundu, maji yaingie na yatoke. Rangi na jina la kampuni baadaye. Kwa kipimo hicho, nazipanga hivi.

Namba moja: raba ya porini ya mtumba

Nenda soko la mitumba la Karume asubuhi, belo linapofunguliwa. Ukifika saa nane mchana unachagua makapi. Utakuta Salomon Speedcross ambayo meno yake hayajalika hata nusu, na pembeni yake raba ya kutokea mtoko inauzwa ghali kuliko hiyo. Wauzaji wengi wanapanga bei kwa sura ya kiatu, na raba ya porini mara nyingi ina sura ya trekta. Hapo ndipo faida yako ilipo. Ukibahatika kuona Inov-8 Mudclaw, yenye meno ya milimita 8, punguziwa kidogo ulipe uondoke, ila usiivae kwenye lami, meno yale yataisha upesi.

Usinunue kwa macho tu. Kunja kiatu katikati, halafu bonyeza sponji iliyo juu ya soli kwa dole gumba. Ikirudi polepole, sawa. Ikitoa nyufa au unga, rudisha hata kama kinang'aa, kwa sababu baadhi ya sponji hizi huoza kwa umri hata kiatu kisipovaliwa, na zitakubomokea njiani kama andazi la juzi. Kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi kuna namba za Uingereza, Marekani na Ulaya, zote zinachanganya. Soma ya sentimita, upime na mguu wako mwenyewe, tena jioni ukiwa umeshavimba kidogo. Mbele acha nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo miteremko itakurudisha nyumbani na kucha nyeusi.

Kisha ipeleke kwa fundi akashone soli kuzunguka pande zote. Muuzaji wangu aliniambia, "Bosi, hiyo orijino, haihitaji uzi." Nikashonesha. Gundi iliyokaa miaka kwenye makontena na mastoo siiamini, na matundu ya sindano hayana hasara kwenye kiatu ambacho kitajaa maji vyovyote vile.

Namba mbili: raba ya porini mpya

Ni nzuri kuliko zote mguuni. Inashuka daraja kwa sababu ya bei, na kwa sababu maduka mengi mjini yamejaza raba za lami na za mitindo. Mtego wake ni zile zenye utando usiopitisha maji. Niliwahi kuuziwa hizo kwenye duka moja kwa maneno matamu: "Hata mvua ya mawe, kaka, soksi inabaki kavu." Pugu maji yanakuja juu ya kifundo, yanaingilia mdomoni mwa kiatu, na utando ule ule unayafungia ndani. Nilikimbia kilomita 8 kama niliyebeba ndoo mbili miguuni.

Namba tatu: viatu vya mpira wa miguu vyenye meno mafupi mengi

Nasema vile vya nyasi bandia, soli ya raba laini. Kariakoo vimejaa. Kwa kilomita 5 za tope vinatosha kabisa. Zaidi ya hapo nyayo zitauma, kwa kuwa sponji ni nyembamba na kila mzizi unausikia. Njumu zenye meno marefu sizishauri. Zinashika tope vizuri sana, kisha unakanyaga jiwe na kifundo kinageuka.

Namba nne: raba za lami

Kama ndizo ulizo nazo, vaa zile kuukuu na utembee kwenye miteremko. Usinunue mpya kwa kazi hii.

Za mwisho: gambuti, yeboyebo na kandambili. Nimewaona watu nazo. Waliobaki na viatu vyao mwisho wa njia walikuwa wachache.

Chenji iliyobaki nunua soksi za nailoni za wacheza mpira, maana za pamba zinanywa maji na kuchubua, na kopo dogo la mafuta ya mgando la kupaka katikati ya vidole. Kamba pitisha hadi kwenye tundu la juu kabisa, lile ambalo wengi huliacha tupu. Ndilo linaloshika kisigino tope linapovuta.

Ukirudi, osha kwa maji ya kawaida, jaza magazeti ndani, anika kivulini, kwani jua la Dar linakausha gundi haraka. Zangu za Karume zina masika mawili sasa. Juzi fundi amezishona upya upande wa kidole kidogo, kwa uzi mwekundu, mweusi ulikuwa umemwishia.