TreeMap ya Java kwa Kuhifadhi Miadi: Tathmini

Kwa mwandishi wa programu ya kalenda, TreeMap (muundo wa data unaohifadhi jozi za ufunguo na thamani, zikiwa zimepangwa kwa ufunguo), iliyomo katika maktaba sanifu ya lugha ya programu ya Java tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998, inastahili kujaribiwa kabla ya muundo mwingine wa data. Ufunguo huwa wakati wa kuanza na thamani huwa miadi yenyewe. Kwa kuwa ndani yake umo mti wa utafutaji unaojisawazisha (yaani matawi yake hayaachwi kurefuka kupita kiasi), kuipata miadi moja kati ya milioni 1 hakuhitaji ulinganishaji zaidi ya 40 hivi, ilhali orodha isiyopangwa huenda ikabidi ipitiwe yote.

Kinachonipendeza zaidi ni ukaguzi wa migongano. Miadi mipya ikiombwa, mbinu yake ya floorEntry hutoa iliyoitangulia na ceilingEntry hutoa inayoifuata, na maadamu miadi iliyokwisha kuhifadhiwa haiingiliani, hizo mbili zinatosha kuamua kama nafasi ipo. Nayo subMap huleta miadi ya wiki nzima ikiwa imeshapangika.

Kasoro kubwa ni kwamba ufunguo haurudiwi: ukiweka miadi ya pili inayoanza wakati uleule, ya kwanza hufutwa kimyakimya (nami nimewahi kuutafuta kwa muda mrefu mkutano uliopotea hivyo). Dawa yake ni kuunganisha wakati na kitambulisho katika ufunguo mmoja. Hata hivyo, kwa kalenda ya watu wengi, ambamo miadi huingiliana kihalali, jirani wawili hawatoshi tena, na mti wa vipindi, unaozingatia mwanzo na mwisho wa kila miadi, ndio unaofaa.