HD 800 S au LCD-X, ipi ina sauti nzuri zaidi?

Hili swali haliishi jamani. Headphone ipi, Sennheiser HD 800 S au Audeze LCD-X? Mi nimezisikiliza zote na kila moja imenishika kivyake.

Kwa nafasi ya sauti HD 800 S iko mbele kabisa, weka taarab ya kundi kubwa utasikia ganuni iko kushoto, fidla zimekaa nyuma yake, na muimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti unamsikia kama uko naye ukumbini. Ila besi yake nyembamba, na rekodi ikiwa kali zile sauti za juu zinachoma masikio.

LCD-X ni planar, yaani badala ya koili ina kiwambo chembamba sana chenye nyaya kinachosukumwa na sumaku, na kwenye besi weee, inashuka chini kabisa bila kuvimba, unaisikia mpaka ngozi ya ngoma ikitetemeka. Nafasi ndo inabana kidogo.

Uzito sasa. LCD-X ni gramu 612, mwenzake 330, ukikaa saa mbili shingo inajua tofauti.

HD 800 S ina ukinzani wa umeme wa ohm 300 kwahiyo inataka amplifaya ya maana, LCD-X ni ohm 20 tu, haisumbui. Zote ziko wazi nyuma, unayelala naye chumba kimoja atasikia kila kitu.

Kama unasikiliza okestra na taarab usiku kucha, chukua HD 800 S. Kama unamiksi bongofleva au amplifaya huna, LCD-X.