Programu ya mishahara kwa biashara ndogo Kenya: ipi ununue, na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ikikosewa itarekebishika?

Usianze na bei. Mwambie muuzaji afungue mwezi uliokwisha kulipiwa, umwambie mshahara wa mtu mmoja ulikosewa, kisha umtazame anavyorekebisha. Akilazimika kufuta mwezi mzima, tafuta nyingine.

Jaribio la pili ni hesabu. Chukua mshahara wa shilingi 50,000. Kwa viwango vya kuanzia Februari 2025, NSSF (akiba ya uzeeni) ni 3,000, SHIF (bima ya afya) 1,375 na tozo ya nyumba 750. Tangu 27 Desemba 2024, makato yote matatu hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa. PAYE, baada ya nafuu ya kodi ya 2,400, ni 5,845.85. Programu inayotoa NSSF pekee itakupa 6,483.35. Hizo 637.50 zinatoka mfukoni mwa mfanyakazi kila mwezi, na hilo linaniuma.

Chaguo langu la kwanza ni programu ya mtandaoni iliyotengenezwa kwa sheria za Kenya. Sheria ikibadilika, kusasisha viwango ni kazi ya mwenye programu. Hakikisha inatoa faili ya CSV inayoingia kwenye fomu ya P10 (ritani ya PAYE ya kila mwezi) bila kuandika upya, na inaonyesha nani alibadilisha nini.

La pili ni programu ya uhasibu uliyo nayo tayari, ukiingiza mishahara kwa mkono. Kwa wafanyakazi watatu au wanne inatosha, ila hapa ndipo wengi hujikwaa. Mishahara ikiingizwa, PAYE hukaa kwenye akaunti ya deni. Ukilipa KRA (Mamlaka ya Mapato) kisha ukaandika malipo hayo kama gharama, gharama inahesabiwa mara mbili na deni linabaki palepale. Nimeona mwenye duka akijiandaa kulipa mara ya pili kwa sababu hiyo tu. Usifute kitu. Fungua malipo yale, badilisha akaunti kutoka gharama kwenda deni la PAYE, hifadhi. Salio la mwezi huo lisome sufuri. Lisiposoma, linganisha malipo yale na namba ya PRN (namba ya kulipia inayotolewa na KRA) kwenye stakabadhi ya benki.

Excel naiweka mwisho. Ni ya mfanyakazi mmoja au wawili, basi.

Kurekebisha kwenye programu hakugusi iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA. Wasilisha ritani iliyorekebishwa ya mwezi husika. Ulilipa pungufu? Toa PRN mpya ya tofauti na ulipe upesi, kwa kuwa baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ulilipa zaidi? Omba kiasi hicho kikatwe kwenye kodi zijazo, na umrudishie mfanyakazi pesa yake. Kisha chapisha upya P9 (muhtasari wa mshahara na kodi ya mfanyakazi kwa mwaka), maana ndiyo atakayoitumia kuwasilisha ritani yake kabla ya 30 Juni.