Makumbusho ya Reli Nairobi na Arboretum: siku moja na familia nzima

Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kufanya kazi relini, nenda naye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Sisi tulikwenda Jumamosi pamoja na baba mkwe, aliyekuwa fundi wa karakana hadi Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, na ziara ikawa yake. Sisi wengine tulimfuata tu.

Makumbusho yako karibu na stesheni kuu, upande wa barabara ya Haile Selassie, na yamekuwapo tangu 1971. Ukumbi wa ndani una picha na vifaa vya zamani, lakini watoto walikuwa wameshaviona vichwa vya treni nje, hawakushikika.

Nje ndiko kwenye mambo. Kuna Garratt mbili, yaani vichwa vikubwa vya treni vya mvuke, za daraja la 59: Mount Gelai na Mount Shengena. Vichwa 34 vya aina hii viliundwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja kina uzito wa tani 250 hivi, na kwa reli ya upana wa mita moja hakuna kichwa cha mvuke kilichokizidi nguvu. Baba ni Mpare. Alipofika kwa Shengena aliupapasa ubavu wake, akawaambia wajukuu, "Huu ni mlima wa kwetu."

Binti yetu akauliza, "Babu, moto ulikuwa wapi?" Wakapanda hadi chumba cha dereva, akamwonyesha mdomo wa tanuri. Garratt hizi zilichoma mafuta mazito. Kisha akaweka kidole kwenye kipimo cha maji ya bwela, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke: "Hapa jicho halitoki. Maji yakipungua, bati la juu ya tanuri linabaki kavu, linaungua, na bwela linaweza kupasuka." Akaeleza pia kwa nini dude refu hivyo lilikata kona za njia ya Mombasa: bwela liko katikati, limebebwa na injini mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja hujigeuza kivyake.

Msiondoke bila kuliona behewa namba 12. Mwezi Juni 1900, pale stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alikuwa akimvizia ndani yake simba mla watu. Usingizi ukampitia, simba akaingia, akamburuta nje kupitia dirishani. Mwanangu wa kiume alitaka kusikia kisa hicho tena na tena. Mdogo wake akaning'ang'ania mkono, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kuwasimulia wadogo.

Mchana tulihamia Nairobi Arboretum, mwendo mfupi wa gari, karibu na Ikulu. Watu wengi huenda pale kukimbia au kupiga picha za harusi, ila bustani ile ni ndugu wa reli. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni, kwa sababu treni za wakati ule zilikula kuni na misitu ya asili isingezitosheleza. Ukitoka kutazama matanuri asubuhi halafu ukakaa chini ya miti ile, mambo mawili yanaungana bila mwalimu. Leo ni kama hekta 30, na aina za miti ni zaidi ya 300. Tulitandika leso, tukala chapati na ndengu. Ndizi zifungie kwenye mfuko. Tumbili wa pale hawaombi ruhusa.

Nawashauri mwanze na makumbusho mapema, kwa sababu vichwa viko juani na chuma kikishapata moto hakigusiki. Vaeni viatu vya kufunika vidole, maana ngazi za kupandia ni nyembamba na zimesimama wima. Watoto wa shule ya msingi ndio watakaofaidi zaidi. Baba ameshasema mara nyingine anakuja na wenzake wa karakana, na mimi nimekubali kuwaendesha.