Uzoefu wangu na duka la gemu la mtandaoni: bei niliyoiona siyo niliyolipa

Ninaendesha banda dogo la gemu hapa Mwanga, Kigoma, lenye runinga tatu na mashine tatu za kuchezea gemu, ambapo kijana analipa shilingi 500, anacheza mechi moja ya mpira, kisha anampisha mwenzake. Nalitaja hilo mapema ili ieleweke kwamba kwangu gemu ni mtaji, na kwamba ninaponunua gemu napiga hesabu kama muuza chapati anavyoupigia hesabu unga. Duka ninalolizungumzia ni lile lililomo ndani ya mashine yenyewe. Mashine yangu mpya haina mahali pa kuingiza diski, kwa hiyo siwezi kulisusa duka hilo nikaenda kwa jirani. Jina lake silitaji. Kwa jumla nalipatia nyota tatu kati ya tano, ingawa huenda nikabadili mawazo kabla sijamaliza kuandika.

Usiku mmoja wa masika, wateja wakiwa wameondoka mapema kwa sababu ya mvua, niliona kwenye mashine tangazo kubwa la gemu ya mpira ya msimu huo: punguzo la asilimia 70, dola 20.99, ambazo kwetu ni kama shilingi 50,000 na ushee. Nikalifungua. Ndani nilikuta visanduku vitatu vinavyofanana, kila kimoja na bei yake, na ile ya tangazo ilikuwa ya wanachama wanaolipa ada ya kila mwezi, jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo za kijivu juu ya rangi nyeusi. Mimi si mwanachama. Kielekezi hakikusimama kwenye kisanduku cha gemu ya kawaida iliyonileta pale, bali kwenye cha mwisho, toleo la kifahari, dola 69.99. Nilibonyeza nikitarajia kusoma kilichomo, kama mtu dukani anavyokigeuza kitabu aone kilichoandikwa nyuma, na simu yangu ikalia mezani. Zaidi ya shilingi 170,000 zilikuwa zimetoka kwenye kadi ya mtandaoni niliyoiunganisha na akaunti ya simu, fedha ambazo sehemu kubwa yake ilikuwa kodi ya banda.

Nakiri kwamba ulikuwepo ukurasa wa pili wa kuthibitisha. Kitufe kilikuwa kilekile, mahali palepale, na kidole cha mtu anayewasha na kuzima mashine hizi kutwa nzima kimeshazoea kubonyeza mara mbili bila kumuuliza mwenyewe. Nywila haikuombwa. Baadaye niligundua kwamba upo mpangilio unaoilazimisha mashine kuomba nywila kila inaponunua kitu, lakini unakuja umezimwa, na umefichwa ndani ya kurasa nne za mipangilio ambazo hakuna mtu mwenye kazi zake angezifungua kwa matembezi.

Nilipoinua macho kutoka kwenye simu, mstari wa kupakua ulikuwa umeanza kutembea wenyewe. Sikuuanzisha mimi. Niliruka nikachomoa ruta ya intaneti ukutani, na mstari ukasimama kwenye asilimia 4. Nilijipongeza kwa wepesi huo, nikaamini kwamba gemu ambayo haijaingia haiwezi kuhesabiwa kuwa imenunuliwa. Nikatumia intaneti ya simu kutafuta mahali pa kulalamika, kazi iliyonichukua karibu saa nzima, kwa sababu ukurasa wa kununua uko mlangoni na ukurasa wa kudai uko stoo. Kwanza nilijibiwa na roboti, ambayo mara tatu ilinishauri nizime mashine kisha niiwashe. Hatimaye akaja binadamu, au kitu kilichoandika kama binadamu, tukawasiliana kwa Kiingereza.

Nilimweleza kila kitu kwa heshima, pamoja na saa ya muamala. Alinijibu kwamba fedha hurudishwa ikiwa mteja hajaanza kupakua, na kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha nimeanza. Nikamwambia kwamba mashine ndiyo iliyoanza, tena ni mashine yao, na kwamba nina asilimia 4 tu, ambayo haitoshi hata kuonyesha nyasi za uwanja. Akarudia sentensi ileile, neno kwa neno. Nikamuuliza: kama mashine inapakua yenyewe mara tu mtu anapolipa, ni mteja gani duniani atakayewahi kutimiza sharti la kutopakua? Hilo hakulijibu. Aliandika kwamba anaelewa hisia zangu, kisha akauliza kama kuna lingine anaweza kunisaidia leo.

Lingine lipi, wakati la kwanza hajalisaidia? Muda umepita sasa, fedha nimeshazililia na kuziacha, lakini neno hilo “lingine” bado linaniamsha usiku. Angenitukana ningelala vizuri zaidi, maana tusi lina mwenyewe. Adabu ile haikuwa ya mtu yeyote. Iliandikwa na watu waliojua tangu mwanzo kwamba wateja wengi watafika pale wakiwa na malalamiko kama yangu, wakaona gharama ya kuandaa maneno ya kuwaagia ni ndogo kuliko ya kurekebisha kitufe.

Mama anayeniuzia dagaa kule Kibirizi hawezi kunitajia bei ya kisado kisha anidai ya gunia. Akikosea, watu wamesimama hapo na yeye nami tunatazamana, na mara nyingi ataongeza konzi moja ili tuachane kwa amani. Sisemi wafanyabiashara wetu ni malaika, kwani nimewahi kuuziwa dagaa wenye mchanga. Ila mchanga nilimrudishia mwenyewe, akaupokea.

Tena msinijibu kwamba ni uzembe wangu peke yangu, japokuwa upo. Mwishoni mwa mwaka 2022, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, italipa dola milioni 245 za kurudishiwa wateja, ikieleza kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya watu watozwe kwa kubonyeza mara moja tu, wengine wakiwa wanaiamsha gemu iliyolala au wanataka kukitazama kitu kabla ya kuamua. Tume hiyo ilieleza pia kwamba waliopinga makato hayo kupitia kadi zao walifungiwa akaunti. Niliposoma hilo nilielewa kwa nini moyo wangu ulisita kuwapigia watu wa kadi: akaunti ikifungwa, gemu zote nilizonunua kwa miaka kadhaa zinaondoka nayo, na banda linabaki na runinga tatu za kutazamia taarifa ya habari. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, lakini sijui ningeanzia wapi kuwapelekea wasimamizi wake duka lisilo na mlango wala mtu.

Haki itendeke: gemu yenyewe ni nzuri. Niliirudisha ruta ukutani siku ya pili, kwa kuwa nilishalipa, na tangu hapo vijana wanajipanga hadi barazani. Mmoja wao aliingia akasema, “Shikamoo kaka, kumbe umetuletea toleo la kifahari!” Nikamjibu, “Marahaba mdogo wangu, kaa ucheze,” bila kumwambia kwamba nitahitaji zaidi ya mechi 340 kurudisha bei hiyo, kabla ya kulipia umeme na kifurushi. Kwa siku chache nilikaribia kusema kwamba duka limeniletea bahati kwa bahati mbaya, na kwamba anayeweza kununua kwa utulivu anunue tu, mradi awashe ule mpangilio wa nywila na asiache fedha za kodi kwenye kadi.

Hayo nilikuwa nimeyaandika jana. Leo asubuhi nimefungua mashine nikakuta gemu ileile kwenye tangazo, safari hii kwa bei iliyopunguzwa kwa kila mtu, mwanachama na asiye mwanachama, na nilipoingia kutazama tu, kielekezi kilikuwa kimesimama tena kwenye kisanduku cha mwisho. Niliiweka padi ya kuchezea mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayetua yai. Zile nyota tatu nilizotaja juu, ondoeni mbili.