Uzoefu wangu: siku mbili kwa miguu kutoka Sigi hadi Amani, kwa hema la kukodi

Mwishoni mwa Januari, mimi na mdogo wangu tulitembea siku mbili katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, tukalala usiku mmoja msituni. Njia na mwongozaji wetu ninavisifu bila kusita. Hema tulilolikodi Tanga mjini simshauri mtu yeyote alichukue.

Tulianzia Sigi, ambako nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni sasa ni kituo cha taarifa kwa wageni. Reli nyembamba ya Wajerumani, iliyotoka Tengeni kwa ajili ya kusomba mbao, iliishia hapo, na haikufika Amani kwenyewe, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia waliyoianzisha mwaka 1902. Kwa hiyo anayeanza kupanda kwa miguu kutoka Sigi huielewa historia ya mahali hapo kwa magoti yake, kwani huanzia karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari na kufika karibu mita 900, akiwa na shanta mgongoni.

Mwongozaji wetu, kijana wa Kisambaa, hakutuharakisha hata mara moja. Kwenye mwamba wenye unyevunyevu alituonyesha dughulushi, ua dogo la zambarau ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire na kupewa jina la kitaalamu mwaka 1893, na ambalo leo hupandwa katika vyungu vya madirishani sehemu nyingi za dunia. Mbele kidogo alitusimamisha chini ya mhesi. Mti huo si wa milima hii. Uliletwa, ukapandwa, kisha ukasambaa wenyewe, kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali, hasa penye uwazi uliotokana na ukataji wa miti. Nilikuwa nimewahesabu ndege hao kuwa pambo la msitu tu, na maelezo yale yalibadilisha namna nilivyoutazama msitu kwa safari yote iliyobaki.

Usiku ndipo palipotuharibikia. Tulikuwa tumeahidiwa hema la watu wawili lisilopitisha maji, lakini zipu ya mlango ilikwama nusu, na mvua iliponyesha yapata saa nane maji yaliingia kupitia mshono wa sakafu, tukakaa tumejikunyata juu ya mashanta hadi alfajiri, mdogo wangu akitetemeka kwa baridi ambayo mtu wa pwani hajaizoea. Niliporudisha hema, wenyewe waliniomba radhi, ila fedha hawakunirejeshea. Kosa langu ni kwamba sikulisimamisha na kulimwagia maji nyumbani kabla ya kuondoka.

Siku ya pili tulipita kando ya mashamba ya chai na iliki, jua likatukausha, na mbega wakawa wanaruka juu yetu bila kutujali. Anayetaka kwenda abebe sweta, nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na viatu vinavyoshika udongo mwekundu ukilowa. Na pale Sigi aombe mwongozaji anayeijua miti kwa majina ya Kisambaa, hata ikimlazimu kusubiri kidogo.