Kangaga la kitaluni Kisauni: mmea unaokubali maji yetu ya kisima

Sisi wa Kisauni tunaotegemea maji ya kisima tunajua adha yake. Unanunua ua zuri, unalimwagia maji yale ya chumvi, na majani yanaanza kuungua nchani. Kwa hivyo nilifurahi sana muuzaji wa kitalu kimoja kando ya barabara ya kwenda Bamburi aliponiuliza kabla ya yote: "Mama, kwako mwatumia maji ya mfereji au ya kisima?"

Nilimweleza ni ya kisima, na kwamba nataka cha kupanda kando ya tangi, pale panapotota siku zote. Akapita waridi na asumini zote, akaniletea kangaga. Ndilo hili hili la kwenye mikoko, Acrostichum aureum kwa jina la kitaalamu. Huota zaidi upande wa nchi kavu, maji ya bamvua yanapofika na kukutana na maji baridi, ndiyo maana chumvi ya kisima hailisumbui.

Nililipa shilingi 600, na sijuti. Makuti yake ni mazito kama ngozi. Machanga hutoka mekundu kisha hugeuka kijani kibichi cha kung'aa. Likikomaa, vijani vya nchani hujaa rangi ya kutu upande wa chini. Jirani alitaka kunikatia akidhani ni ugonjwa. Yaacheni! Kangaga halitoi ua wala tunda. Vumbi lile la rangi ya kutu ndilo linalolizalisha.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba muuzaji huyu hachimbi miche mikokoni. Alinionyesha makangaga yake makubwa anayoyapasua mashina kupata miche.

Lakini mche wangu ulikuwa kwenye karatasi ndogo, mizizi imesongamana, na aliniambia tu litakuwa "kubwa kiasi". Kangaga hufika mita 3 bwana! Mteja aambiwe wazi, asije akaliweka sebuleni.

Na wenye nyumba zinazopakana na mkono wa bahari, Tudor au Mtwapa, nawasihi msilipande ukingoni. Mikoko ikishakatwa, makangaga huvamia pale na kusongamana hadi miche ya mikoko inakosa nafasi ya kuota. Vijana wanaohangaika kupanda mikoko upya tusiwaongezee kazi.

Muuzaji anapokea taslimu na M-Pesa. Nendeni jioni, jua likishapoa, ndipo huwa na muda wa kumsikiliza mtu. Mimi nitarudi kuchukua jingine la upande wa pili wa tangi.